Saa ya Meli, Saa ya Nyumbani

Jumatatu, Machi 3

Kama kuna mtu duniani anayezijua saa kunishinda, basi hajazaliwa, na siku akizaliwa nitamsubiri mlangoni nimwambie kachelewa. Shule niliishia kidato cha pili, sikatai, wala sioni haya. Hao waliomaliza wako wapi? Mimi leo nimekabidhiwa saa za bahari yote.

Naandika vizuri ili wajukuu zangu waelewe. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la matairi. Meza tatu, viti vinne, na kiti cha nne ni kibovu, tumekiweka kwa ajili ya wageni tusiowapenda. Tunatengeneza programu ya simu za mabaharia. Kwenye meli ya mizigo kuna simu moja tu ya setilaiti, na watu ni wengi, kwa hiyo wanapiga nyumbani kwa zamu. Programu yetu ndiyo inayopanga zamu hizo. Inamwambia baharia, "Zamu yako saa fulani," kwa saa ya meli, na inamwambia mkewe huku nchi kavu, "Mumeo atapiga saa fulani," kwa saa ya nyumbani. Saa hizo mbili haziendi pamoja, maana meli ikielekea magharibi jua linachelewa kuifikia, na kapteni anarudisha saa nyuma. Kazi ya kugeuza saa moja iwe nyingine ni yangu, kuanzia leo asubuhi.

Bosi aliniajiri mwaka jana nilipokuja kulalamika kuhusu zamu ya baba, ambaye ni fundi mitambo kwenye meli mojawapo. Bosi ni mama mtu mzima; nilibishana naye mpaka printa yake ikakwama, nikaitengeneza huku naendelea kubishana. Akasema, "Kijana, una mdomo mrefu, lakini mikono yako ina akili." Cheti hakuniuliza. Hilo nitamshukuru hata siku nitakayokuwa tajiri kumshinda yeye.

Jumanne, Machi 4

Mvua. Dari inavuja juu ya meza ya Injinia, yule dada msomi ninayeandika naye programu. Nimempelekea ndoo, akanipa kazi ya kuimwaga. Wasomi ndivyo wanavyoshukuru.

Ijumaa, Machi 7

Kompyuta imeniambia kumi ni ndogo kuliko tisa. Nimebishana nayo mpaka chai ikapoa. Dada Injinia kapita nyuma yangu, kainama, kaangalia kidogo tu. "Umeziandika kama maneno, siyo kama namba. Inaangalia alama ya kwanza tu: moja na tisa. Moja ndogo." Nikamwambia najua, nilikuwa naipima akili. Akasema, "Na yenyewe ilikuwa inakupima."

Jumanne, Machi 11

Leo sikwenda kazini. Nilimpeleka mama hospitali.

Mama ana uvimbe wa tezi shingoni. Ulianza kama kunde, sasa kola za magauni yake hazifungi. Daktari wa upasuaji ni mzee mpole mwenye vidole virefu. Alimshika mama shingo kama mtu anayechagua nyanya, kisha akatueleza bila kutuficha. Uvimbe lazima utoke. Lakini chini ya tezi umepita mshipa wa fahamu, mwembamba kama uzi, na huo ndio unaoendesha sauti. "Nitauheshimu kadiri niwezavyo," akasema. "Ila siwezi kukuahidi, mama, kwamba utaamka na sauti hii hii."

Mtu asiyemjua mama hawezi kuelewa maana ya maneno hayo. Sauti ya mama inajulikana mitaa mitatu. Akiniita mimi, wanaitika na watoto wa watu. Baba husema aliipenda sauti kwanza, mwenyewe akamwona baadaye, na bahati yake vyote vikalingana.

Nilimrudisha mama nyumbani chini ya mwavuli. Tulipofika akavua viatu, akakaa, akasema, "Nataka baba yako anisikie na sauti hii kabla hawajaifungua shingo yangu. Asubuhi ile ile. Niingie nimetoka kuzungumza naye."

Nikamwambia, "Mama, kwani tusikurekodi tu? Anasikiliza anapotaka."

"Mimi siyo tangazo la redio," akasema. "Nataka anijibu."

Siku ya upasuaji ni Aprili 10, saa mbili asubuhi.

Alhamisi, Machi 13

Baba kajibu kutoka baharini. Katoa zamu zake zote za mwezi huu kwa wenzake ili apewe moja tu, ya asubuhi hiyo. Kaandika, "Mwanangu, wewe ndiye mwenye saa. Niambie nipige lini, nitakuwa nimekaa." Nimeuonyesha ujumbe huo kwa Injinia, kwa Bosi, na kwa fundi matairi wa chini ambaye hakuuliza.

Jumanne, Machi 18

Siku mbaya, basi nitaiandika yote.

Nilikuwa nimemaliza kipande changu cha kugeuza na kulinganisha saa, na kama kawaida yangu nilikuwa nakipigia makofi. Mara mlango ukagongwa kwa mwavuli. Akaingia mke wa mpishi wa meli, amelowa mpaka magotini. Nikamsogezea kiti cha nne. Akakiangalia, akaniangalia mimi, akabaki amesimama.

"Nani hapa anashughulika na saa?"

Injinia akaangalia dari. Bosi akaangalia karatasi. Nikasema, "Ni mimi, mama, karibu, una bahati."

"Bahati! Jana mume wangu kakaa mbele ya simu ya meli, zamu yake imefika, anabonyeza, mashine yenu inamwambia muda wako bado. Anangoja. Anabonyeza. Bado. Kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Zamu ikampita, akaingia mwingine. Mtoto wetu kafaulu mtihani, alitaka kumwambia baba yake. Kalala na viatu akisubiri. Haya, mwenye saa, nieleze."

Mimi, niliyebatizwa jina la Mdomo, nikainamia kibodi kana kwamba jibu limeandikwa humo. Bosi akainuka, akamwomba radhi, akampangia mumewe zamu mbili wiki hii. Yule mama akatoka, lakini mlangoni akageuka. "Kijana, wewe una baba?" Nikasema ninaye, yuko meli hiyo hiyo. "Basi fanya kama unamsubiri wewe."

Injinia akavuta kiti karibu yangu. Akafungua mistari yangu ya programu, akanionyesha. Saa ya zamu nilikuwa nimeiweka kwa saa ya hapa kwetu. Saa ya "sasa hivi" nilikuwa naichukua kwenye seva, ambayo yenyewe inakwenda kwa saa ya dunia, ile moja ambayo kompyuta zote zimekubaliana, na iko nyuma yetu kwa saa tatu. Nikazilinganisha kama pacha.

"Ni kama kuuliza nani mrefu," akasema, "na mmoja kasimama juu ya kiti."

Nikajitetea, mimi huyu nitaacha? Nikamwambia, "Dada, watu wetu wanageuza saa tangu tumboni. Mshale mfupi uko kwenye tisa, sisi tunasema saa tatu. Nani alitufundisha? Hakuna. Unatoa sita, unakwenda zako. Mtoto wa miaka mitano anaweza. Kwa hiyo kugeuza saa kwangu siyo somo, ni damu."

Hakucheka. "Ndiyo maana umekosea. Hiyo sita yako haijahama tangu dunia iumbwe. Umezoea tofauti isiyohama. Meli inahama. Tofauti ya leo siyo ya wiki ijayo."

Jumatano, Machi 19

Nimeandika sheria za Injinia kwa kalamu ya wino mzito na kuzibandika ukutani, chini kidogo ya pale panapovuja. Hifadhi kwa saa ya dunia. Linganisha kwa saa ya dunia. Geuza pale tu unapomwonyesha mtu. Na ukigeuza, tumia tofauti itakayokuwepo siku ya simu, siyo ya siku unayoandika.

Ya mwisho ndiyo ngumu, maana kapteni anaweza kutangaza jioni kwamba saa zinarudi nyuma. Kwa hiyo tumeweka hivi: meli ikibadilisha saa, programu inapita kwenye zamu zote zilizo mbele, inazigeuza upya, na kumtumia kila baharia ujumbe mpya. Tumefanya pamoja siku nzima. Alinifundisha bila kunidharau hata mara moja, isipokuwa ile mara moja.

Akaniagiza pia nifute ule ukurasa wangu wa pembeni. Nilikuwa nimejitengenezea mlango wa nyuma: unaandika namba ya baharia, saa ya meli kwa mkono, na maneno unayotaka, ujumbe unakwenda moja kwa moja bila kupita kwenye jedwali la zamu. Nilimtengenezea Bosi kwa mambo ya haraka. Injinia kasema, "Saa isiyosema ni ya wapi siyo saa. Futa." Nimemwambia nimefuta. Nimeficha kitufe tu. Kitu nilichokitengeneza kwa jasho langu nitakiuaje?

Jumatatu, Machi 24

Wiki nzima hakuna hata mke mmoja aliyekuja na mwavuli. Mke wa mpishi kaleta ndizi. Kasema mumewe kapiga saa ile ile, na mtoto kapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Kanipa mkungu mzima, "Siyo kwa ajili ya huyo mwenye mdomo, ni wa wote." Nimekula nyingi kuliko wote.

Ijumaa, Machi 28

Mvua. Ndoo. Nimeimwaga mara nne.

Alhamisi, Aprili 3

Imebaki wiki moja. Mama kaanza kuimba. Anaosha vyombo anaimba, anakunja nguo anaimba, nyimbo za ujana wake ambazo sijawahi kuzisikia. Sikumuuliza. Anazitumia, nadhani, kama mtu anayemaliza unga kabla ya kuhama.

Leo nimemwandikia baba. Wiki hii meli iko nyuma yetu kwa saa mbili. Mama anaingia chumba cha upasuaji saa mbili, kwa hiyo simu iwe saa moja asubuhi ya nyumbani, na hiyo ni saa kumi na moja alfajiri ya meli. Bosi kamtengea nafasi ya laini asubuhi yote hiyo, hakuna wa kumsukuma. Injinia akaniambia niiingize zamu kwenye jedwali, mashine itamwarifu. Lakini ujumbe wa mashine ni mkavu: "Zamu yako ni saa hii, asante." Baba kakaa baharini miezi saba, atumiwe maneno makavu na mashine wakati ana mwana? Nimemwandikia mwenyewe, kwa maneno yangu: "Baba, piga Alhamisi saa kumi na moja alfajiri. Mama atakuwa tayari. Usiwe na wasiwasi, mwanao ameshika saa."

Kajibu kwa neno moja: "Nitakuwepo."

Jumatano, Aprili 9

Kapteni wa meli ya baba ametangaza: usiku huu saa zinarudi nyuma kwa saa moja. Taarifa imeingia saa kumi jioni, na programu yetu ikaamka yenyewe, ikazipitia zamu zote, ikazigeuza, ikaanza kutuma. Nilisimama nyuma ya kiti cha Injinia nikiangalia ujumbe unavyotoka mmoja mmoja, kwa mpishi, kwa nahodha msaidizi, kwa mafundi. Raha niliyosikia sijui nilinganishe na nini. Nikamwambia, "Dada, hiki ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya." Akasema, "Tulivyowahi kufanya." Sawa, tulivyowahi.

Nimetoka mapema. Mama yuko tayari. Kapiga pasi gauni la kwendea hospitali, kana kwamba wataliangalia.

Alhamisi, Aprili 10

Tulifika kabla hakujapambazuka vizuri. Mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyo na sauti. Walimvika mama joho la kijani linalofungwa nyuma, akanigeukia, "Nimependeza?" Nikamwambia kama bibi harusi wa chuo kikuu. Akanipiga kofi la bega. Tukakaa kwenye korido, yeye kwenye kitanda cha magurudumu, mimi kwenye benchi, simu mkononi mwake.

Saa moja ilifika. Simu haikulia.

"Mtandao wa baharini huo," nikasema. "Unapanda mawimbi."

Akatabasamu. Akawa anakifuta kioo cha simu kwa pindo la joho. Saa moja na robo. Nikaanza kuleta utani, nikamwigiza Bosi, nikamwigiza mke wa mpishi na mwavuli wake, mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka, mama hakucheka. Saa moja na nusu, sista akaja kumwekea sindano ya mkono. Mama kamwambia, "Mwanangu, nasubiri simu ya mume wangu. Yuko mbali." Sista akaangalia saa ya ukutani, akasema, "Nitawaambia chumba hakijawa tayari. Lakini sina muda mrefu wa kuwapa, mama." Mungu ambariki yule dada. Alikwenda akarudi, akaenda tena akarudi, na kila akirudi anatuangalia usoni kabla ya kuuliza.

Saa mbili kasoro dakika kumi akaja na wanaume wawili wa kusukuma kitanda. Hakuuliza tena.

Mama kaniwekea simu mkononi. "Akipiga," akasema, kwa sauti ile, nzima kabisa, sauti ya mitaa mitatu aliyoishusha iwe ya mtu mmoja, "mwambie nilikuwa naimba wiki nzima." Wakamsukuma. Milango ile ina mpira chini, ikifunga haipigi kelele.

Nilikuwa bado nimesimama pale pale simu ilipolia. Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili kamili.

"Halo! Mwanangu! Nipe mama yako, nipo, nimekaa tangu mapema!"

"Baba."

"Nipe mama yako basi."

"Ameshaingia, baba."

Setilaiti ina ile hali ya kuchelewesha maneno. Nilisubiri yafike, nikasikia yalivyofika.

"Ameingiaje? Si ni saa moja kwenu? Uliniambia saa kumi na moja. Hapa ni saa kumi na moja."

"Kwetu ni saa mbili, baba. Kapteni wenu amezichezea saa jana."

Polepole akajibu, "Ndiyo. Walitangaza. Nilisikia tangazo, nikarudisha saa yangu nyuma kama wote, nikalala." Nikamsikia akihesabu kwa sauti. "Basi ni mimi. Ilinipasa kuhesabu. Nimekaa baharini miaka yote hii, nimeshindwa kuhesabu saa moja. Nimemkosesha mama yako."

Hapo ndipo pa kusema. Nilikuwa na pumzi, nilikuwa na mdomo, mdomo wangu unaojulikana.

"Siyo kitu, baba," nikasema. "Mambo ya bahari hayo."

Upasuaji ulichukua mpaka adhuhuri. Daktari akatoka amevua kofia, paji limebaki na mstari. Uvimbe umetoka wote, na kwa macho yake siyo ule mbaya. Mshipa ulikuwa umenaswa ndani ya tezi, kaufuatilia kama mtu anayefumua uzi kwenye sweta, lakini umejeruhiwa. Nilimshika mkono nikashindwa kuuachia. Aliniachia mkono wake, hakunikimbiza. Mama yuko hai. Nayaandika tena nisije nikasahau kipi ni kikubwa: mama yuko hai.

Ijumaa, Aprili 11

Ameamka. Ameongea. Ni mnong'ono wenye mchanga ndani. Kitu cha kwanza, "Alipiga?" Nikasema alipiga, alichelewa kidogo. Akafumba macho akasema, "Maskini baba wa watu, atakuwa anaumia."

Jumatatu, Aprili 14

Mama nyumbani. Majibu ya maabara yametoka: uvimbe haukuwa mbaya. Bosi kaja mwenyewe, kapanda ngazi zetu zote na viatu vyake vya ofisi, kaleta supu. Mke wa mpishi kaleta ndizi tena. Nina deni la shukrani kwa watu wengi kiasi kwamba ningekuwa mtu wa haya ningehama mji.

Jumanne, Aprili 22

Zamu ya baba leo. Mama kashika simu kwa mikono miwili. Kaongea na sauti yake mpya, inayokwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Kisha nikasikia baba anasema, "Samahani, mke wangu. Nilichelewa." Mama akamtania, kamwambia sasa anaweza kuimba besi, kwaya ikikosa mwanamume wamwite. Baba akacheka. Akarudi pale pale. "Nilichelewa, mke wangu."

Ijumaa, Aprili 25

Injinia kaniita baada ya wengine kutoka kwenda kula. Kwenye skrini yake kulikuwa na kumbukumbu za ujumbe wote uliotoka mwezi huu. Hakuninyooshea kidole. "Nimeufuta ule ukurasa wako wa pembeni," akasema. "Bosi sijamwambia, maana hauwezi tena kumdhuru mtu. Mengine ni yako."

Nilitaka kuleta mzaha. Nikaulizia ndoo. Akasema haijajaa.

Jioni nilikuwa chumbani, mama akaniita kutoka jikoni. Sikusikia. Akaniita tena, sikusikia. Ikabidi aje mpaka mlangoni, anahema, mwiko mkononi, kuniuliza kama nataka chumvi.

Jumanne, Mei 6

Baba kanunua saa ya pili kwa baharia mwenzake. Anavaa mbili, mkono wa kushoto saa ya meli, mkono wa kulia saa ya nyumbani. Anasema wenzake wanamcheka, wanamwita Mnara wa Saa. "Wacheke tu. Sitamkosesha mama yako tena." Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye mvua kama mjinga.

Jumanne, Mei 13

Mvua zimekata. Ukuta wa ofisi umeanza kukauka, na karatasi ya sheria imejikunja pembe zote. Daktari kasema sauti ya mama imerudi kidogo, itarudi kidogo tena, lakini ile ya zamani asiisubiri. Mama kamshukuru. Namshukuru na mimi, kila asubuhi nikimsikia anakwaruza salamu kwa jirani.

Zamu ya baba ilikuwa leo jioni. Mama aliponyoosha mkono kuchukua simu, nikamwomba anisubiri.

"Baba, kabla hujaongea na mama. Ujumbe wangu wa Aprili, bado unao?"

"Ninao. Kwa nini?"

"Nisomee."

Akasoma. Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, mama atakuwa tayari, mwanao ameshika saa. Sauti yake ilikuja ikichelewa kama kawaida, kila neno limepanda juu huko na kushuka.

"Ulipiga saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Lakini saa zilikuwa—"

"Hamna lakini, baba. Wenzako wote walitumiwa saa mpya jioni ile. Mpishi alitumiwa. Mafundi wote walitumiwa. Wewe hukutumiwa, kwa sababu wewe sikukuweka kwenye jedwali. Nilikuandikia kwa mlango wa nyuma niliokatazwa, ili ujumbe uonekane umetoka kwangu. Mashine haikujua kwamba upo."

Mama alikuwa pembeni yangu, karibu kiasi cha kusikia pande zote mbili. Setilaiti ikabeba maneno yangu, ikakawia nayo. Mama akauchukua mkono wangu wenye simu, akausogeza mdomoni mwake bila kuniachisha. "Baba watoto," akasema na ile sauti yake, "umesikia? Basi leo tuongee mambo mengine." Wakaongea mambo mengine, mkono wangu ukiwa katikati, mpaka zamu ikaisha. Mimi, mama hakuniambia kitu, na mpaka naandika hapa hajaniambia.

Msimu huu nimepewa mengi kuliko ninayostahili: kazi, mwalimu, daktari mwenye vidole virefu, sista aliyetudanganyia chumba, mama aliye hai. Kimoja tu ndicho kilichoharibika kweli, na hakikuharibiwa na kapteni, wala setilaiti, wala mvua. Baba hakuchelewa hata dakika moja. Mimi niliandika saa bila kusema ni ya wapi, na nilipojua, nikamwacha aombe radhi yeye, mwezi mzima.